Kadi 33 na namba moja: shajara ya mradi wa kupima uchangamani wa nafsi

Januari, wiki ya mwisho

Mradi wenyewe ni mdogo. Tunatengeneza kipimo cha Kiswahili cha uchangamani wa nafsi, yaani mtu anajiona ana pande ngapi na pande hizo zinatofautiana kiasi gani, pamoja na programu ya kukokotoa alama zake. Watakaokitumia ni wanafunzi wawili wa uzamili hapa Dar es Salaam wanaochunguza msongo wa mawazo kwa watu wanaoshika kazi mbili au tatu kwa wakati mmoja: mwalimu anayefungua genge jioni, karani anayeendesha bodaboda wikiendi. Mimi ni mtu wa takwimu na msimbo, saikolojia ni yao. Naandika ili atakayerithi faili hizi ajue kila uamuzi ulitoka wapi.

Wazo ni la mwanasaikolojia Patricia Linville. Mwaka 1985, katika jarida la Social Cognition, alidai kwamba watu hawatofautiani tu katika kujipenda au kujichukia, wanatofautiana pia katika namna walivyojigawa. Kuna anayejiona mtu yuleyule mmoja kila aendako. Kuna mwingine ambaye kazini ni mtu huyu, kwa wanawe ni mtu yule, na kwenye kwaya ni mtu wa tatu kabisa. Wa kwanza akifukuzwa kazi anaanguka mzima, kwa sababu doa la upande mmoja linasambaa kote. Wa pili anaumia upande mmoja na pande nyingine zinaendelea kusimama. Kichwa cha makala yake kilikuwa na onyo la kutoweka mayai yote katika kapu moja.

Mwaka 1987 alileta ushahidi mwingine. Aliwapima wanafunzi mara mbili, kwa kupishana wiki mbili hivi. Baada ya kupatwa na mambo mazito, wale wenye uchangamani mkubwa walipungukiwa na sonona, maumivu ya mwili, hata mafua, ukilinganisha na wenzao waliopatwa na mambo yaleyale.

Hoja inavutia, na ndiyo maana imesambaa hadi kwenye semina za ushauri nasaha. Ila semina hazionyeshi namba ilivyopatikana, na kazi yangu mimi ni hiyo namba.

Februari, wiki ya pili

Zoezi la Linville halina ugumu kulieleza. Mtu anapewa kadi 33, kila moja ina sifa moja: mcheshi, mvivu, mpangaji mzuri, mkimya, mbishi. Anaombwa azipange katika mafungu, kila fungu lieleze upande mmoja wa nafsi yake au wa maisha yake. Mafungu yawe mangapi ni hiari yake. Sifa moja inaweza kuingia katika mafungu mawili au matatu, kwa hiyo pembeni huwekwa kadi tupu za kunakilia. Sifa isiyomhusu anaiacha mezani.

Akimaliza, kila kadi inapewa mstari wa sifuri na moja. Ikiwa ana mafungu manne, na "mcheshi" iko katika la kwanza na la tatu, mstari wake ni 1010. Kadi aliyoiacha mezani ni 0000. Tunahesabu kadi ngapi zina mstari unaofanana, kisha tunaweka kwenye fomula ambayo William Scott aliitumia mwaka 1969 kupima muundo wa fikra za watu, na ambayo asili yake ni entropia (kipimo cha kutotabirika) ya Claude Shannon ya mwaka 1948:

H = log2 n − (1/n) Σ ni log2 ni

Hapa H ndiyo alama ya uchangamani, n ni kadi zote, na ni (hiyo i ndogo ya chini) ni idadi ya kadi zenye mstari wa aina moja. Kwa maneno: nikichomoa kadi moja bila kukuonyesha, utahitaji maswali mangapi ya ndiyo au hapana ili ujue imekaa katika mafungu gani? Kadi zote zikiwa na mstari mmoja hakuna la kuuliza, H ni 0. Kila kadi ikiwa na mstari wake wa pekee, H inafika log2 33, yaani 5.04. Hapo ndipo dari.

Msimbo wake ni mfupi sana. Nimeuweka kwenye folda ya "kokotoa" pamoja na majaribio yake.

Februari, wiki ya mwisho

Kabla ya kumweka mtu mezani nilitaka kuona fomula inavyowatendea watu wa kubuni. Nimepunguza kadi ziwe 8 ili hesabu ifanyike hata kwa kalamu. Log2 ya 8 ni 3.

Asha ana mafungu mawili, "nyumbani" na "kazini". Kila fungu lina kadi 4, na hakuna kadi iliyo kote kuwili. Nyumbani ni mpole na mcheshi, kazini ni mkali na mwenye haraka. Kadi 4 zina mstari 10, kadi 4 zina mstari 01. H = 3 − 2 = 1.

Juma ana mafungu hayohayo mawili, lakini kadi 4 zilezile ziko nyumbani na kazini. Zilizobaki 4 kaziacha mezani. Kadi 4 ni 11, kadi 4 ni 00. H = 1.

Rehema ana fungu moja tu, lenye kadi 4. Nyingine 4 kaziacha. H = 1.

Asha, ambaye Linville angemtaja kuwa mfano wa nafsi iliyogawanyika vizuri, amepata alama sawa na Juma ambaye ni yuleyule popote, na sawa na Rehema ambaye hata hakugawanya. Fomula haioni tofauti, kwa sababu inachohesabu ni aina za mistari na wingi wa kadi katika kila aina. Haijui kwamba 11 maana yake ni kuingiliana na 00 maana yake ni kuachwa.

Nikaongeza Baraka. Mafungu mawili, kila moja kadi 4, kadi 2 kati ya hizo ziko kote kuwili, na kadi 2 zimebaki mezani. Sasa kuna aina nne za mistari, kila aina kadi 2. H = 3 − 1 = 2. Baraka, ambaye pande zake zimeingiliana nusu kwa nusu, amempita Asha ambaye pande zake hazigusani hata kidogo. Kwa nadharia ya Linville kuingiliana kunapunguza uchangamani. Kwa fomula aliyoichagua mwenyewe, kuingiliana kiasi kunauongeza.

Nimewaonyesha wenzangu ubaoni. Mmoja ameangalia muda mrefu kisha akauliza, "Kaka, sasa hizi tafiti zote zilizotumia H zilikuwa zinapima nini?" Jibu langu: zilipima jinsi kadi zilivyotawanyika. Hicho nacho ni kitu, hakikosi maana. Ila siyo kile kilichoandikwa katika utangulizi wa makala hizo.

Machi, wiki ya kwanza

Mambo mawili zaidi kuhusu H, kwa ajili ya kumbukumbu.

La kwanza ni dari. Mafungu mawili yanazaa aina 4 tu za mistari, kwa hiyo H haiwezi kuzidi 2 hata mtu ahangaike vipi. Mafungu matatu yanaishia 3, manne 4. Matano yanazaa aina 32, na kwa kadi 33 H inakaribia 5. Kuanzia sita na kuendelea dari ni 5.04 lilelile. Maana yake kwa wenye mafungu machache, H kubwa haiwezekani kabisa, na kwa wenye mafungu mengi kuongeza fungu hakumnyanyui tena aliyekwisha kufika juu. Ukichora uwiano kati ya H na idadi ya mafungu utapata mstari unaopanda vizuri na utajisifu kwamba vipimo viwili vinathibitishana, kumbe hesabu yenyewe ndiyo inayolazimisha.

La pili linachekesha. Niliiambia kompyuta irushe sarafu: kwa kila kadi na kila fungu kati ya sita, kichwa iingie, mwenge isiingie. Mtu huyu wa sarafu hana nafsi, hana kazi, hana mama mkwe. Amepata H isiyo mbali na dari. Ukimweka kwenye jedwali la utafiti ataonekana ndiye mwenye ngao imara kuliko wote dhidi ya msongo. Kwa hiyo mshiriki aliyechoka, anayerusha kadi popote ili aondoke, anaingia katika data kama mtu mwenye utajiri wa nafsi.

Nimeomba tuongeze swali moja mwishoni mwa kikao: mshiriki aeleze kwa mdomo fungu moja atakalochagua yeye. Anayeweza kueleza kwa nini "mkimya" imekaa na "mbishi" alikuwa anafanya kazi. Asiyeweza tutaweka alama kando ya jina lake la siri.

Machi, wiki ya mwisho

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Eshkol Rafaeli-Mor, Ian Gotlib na William Revelle waliliandikia mwaka 1999, wakashauri H ivunjwe na pahali pake pawe na vipimo viwili vinavyosimama kila kimoja kivyake: idadi ya pande za nafsi, na kiasi cha kuingiliana kwa pande hizo. Idadi ni kuhesabu mafungu tu. Kuingiliana kunapatikana hivi: chukua fungu moja, angalia ni sehemu gani ya kadi zake iliyo pia katika fungu la pili, fanya hivyo kwa kila jozi, kwenda na kurudi, kisha tafuta wastani.

Kwenda na kurudi ni muhimu. Tuseme fungu la "mama" lina kadi 3 na zote zimo katika fungu la "kazini" lenye kadi 6. Ukitokea kwa mama, kuingiliana ni 3/3. Ukitokea kazini ni 3/6. Wastani ni 0.75. Kwa mtu huyu, kazi ikiharibika umama wote umeguswa. Umama ukipata doa, kazi imeguswa nusu. Nadharia ya doa kusambaa inahitaji hasa jambo hili, na H haina nafasi ya kuliweka.

Nimewarudia watu wangu wa kubuni. Asha: mafungu 2, kuingiliana 0. Juma: 2, kuingiliana 1. Baraka: 2, kuingiliana 0.5. Rehema: fungu 1, na kuingiliana hakuna, kwa sababu jozi haipo na fomula inagawa kwa sifuri. Wanne, alama nne tofauti. Hapa ndipo nilipoamua kwamba ripoti zetu zitaanza na namba hizi mbili, na H itabaki kwenye safu ya mwisho kwa ajili ya anayetaka kulinganisha na tafiti za zamani.

Maelekezo kwa atakayegusa msimbo: mwenye fungu moja aachwe wazi katika safu ya kuingiliana. Asijazwe 0, maana 0 ni alama ya Asha na hao wawili hawafanani kabisa. Asijazwe 1 pia, ingawa nimeona hoja ya kufanya hivyo. Fungu lililopewa jina bila kadi hata moja liondolewe katika hesabu ya kuingiliana lakini lihesabiwe katika idadi. Mtu akitaja "msikitini" halafu asipate kadi inayofaa, msikiti bado upo katika maisha yake.

Aprili

Sasa watu halisi. Orodha ya sifa hatukuichukua kwa Linville. Wenzangu waliwaomba watu wawaeleze ndugu na majirani wanaowajua, wakaokota maneno yaliyojitokeza mara kwa mara, na ndiyo yaliyoingia kwenye kadi. Tumebaki na 33, 22 nzuri na 11 mbaya, kwa kuwa dari la H linategemea idadi ya kadi na tulitaka hiyo safu ya mwisho iweze kulinganishwa.

Kilichonishangaza ni mwanzo wa kikao. Ukimwambia mtu "panga kadi hizi zijieleze", wengi wanazitazama kwa upole kisha wanauliza, "Nijieleze kwa nani?" Swali la haki. Tulibadilisha mpangilio: kwanza mtu ataje pande za maisha yake, tunaandika kila moja juu ya bahasha, halafu anachagua kadi za kila bahasha. Mambo yakaenda. Bahasha zikaanza kuitwa "kwa wakwe", "na wanangu", "dukani", "kwenye kikoba", "nikiwa kijijini", "na washkaji". Karibu kila moja ina watu ndani yake.

Mwaka 1997 Vaunne Ma na Thomas Schoeneman walichapisha utafiti unaohusu jambo hili, na ulifanyika jirani, Kenya. Walitumia dodoso la kale la Kuhn na McPartland la mwaka 1954, linalomtaka mtu ajibu mara 20 swali "Mimi ni nani?" Kwa Wamasai na Wasamburu, majibu ya aina ya nafasi na uanachama, yaani mtoto wa fulani, mke, mtu wa ukoo fulani, yalikuwa asilimia 80 na zaidi. Kwa wafanyakazi wa Nairobi yalikuwa zaidi ya nusu. Kwa wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi yalikuwa asilimia 17, na kwa wanafunzi wa Marekani 12. Mwanafunzi wa Nairobi yuko karibu na mwenzake wa Marekani kuliko alivyo karibu na mfanyakazi wa mjini kwake.

Linalotuhusu hapo ni kwamba kadi za sifa zilibuniwa na kujaribiwa kwa wanafunzi wa chuo. Kumpa mfanyabiashara wa Kariakoo kadi ya "mbunifu" na kumtaka ajigawe kwa sifa ni kumwomba kwanza aongee kama mwanafunzi. Bahasha zinapunguza tatizo hilo, hazilimalizi. Nimewasihi wenzangu wasiwafanye wanafunzi wa chuo kuwa washiriki wa kwanza, japo ndio wanaopatikana kirahisi.

Mama mmoja wa makamo, anayeuza vitenge, alimaliza bahasha zake akabaki na kadi nyingi mezani. Tulipotaka kuziondoa akatuzuia. "Mwanangu, hizo nazo zangu. Ila leo sinazo." Mpaka sasa sijui mstari wa 00000 unafaa kwake au la. Tumeongeza bahasha ya mwisho isiyo na jina, kwa kadi zinazomhusu mtu lakini hazina pa kukaa, na programu inazitenga na zile alizozikataa.

Mei

Kadi mbaya zinaleta tabu mbili. Ya kwanza ni ya adabu: watu hawashiki "mvivu" au "mwenye wivu" mbele ya msaili aliye rika la mwanao. Sasa msaili anaondoka chumbani wakati wa kupanga, na bahasha zinafungwa kabla ya kurudishwa.

Ya pili ni ya hesabu. Robert Woolfolk na wenzake mwaka 1995 walikokotoa uchangamani wa sifa nzuri peke yake na wa sifa mbaya peke yake. Uchangamani wa sifa mbaya ulikwenda pamoja na sonona. Ukifikiria si ajabu: mtu ambaye "sifai kitu" imekaa kazini, nyumbani na kwa wakwe, kila mahali na wenzake tofauti, anapata mistari mingi ya aina mbalimbali, na fomula inamhesabia kama utajiri. Ukichanganya nzuri na mbaya katika namba moja, unamjumlisha mtu huyu na mwenye furaha ya kila upande.

Kwa hiyo programu sasa inatoa idadi ya bahasha, kuingiliana kwa kadi nzuri, kuingiliana kwa kadi mbaya, na sehemu ya kadi mbaya katika kila bahasha. Hiyo ya mwisho ni kwa sababu ya Carolin Showers, aliyeonyesha kuanzia mwaka 1992 kwamba kuna tofauti kati ya anayekusanya mabaya yake yote upande mmoja na anayeyachanganya na mazuri kila upande. Msimamizi wa wenzangu analalamika kwamba namba zimekuwa nyingi. Kweli zimekuwa nyingi. Anataka moja ya kuweka kwenye muhtasari, na mimi sina moja ya kumpa.

Nimempelekea badala yake mapitio ya Rafaeli-Mor na Jennifer Steinberg ya mwaka 2002, yaliyokusanya tafiti kama 70. Uhusiano kati ya uchangamani na ustawi ulitoka dhaifu na wenye kuyumba, na ngao dhidi ya msongo haikuonekana kwa uthabiti uliotarajiwa. Hapo mtu anaweza kusema nadharia ya Linville imekufa. Mimi naona mapema kusema hivyo, maana sehemu kubwa ya tafiti hizo zilitumia H, na H haimtenganishi Asha na Juma. Nadharia bado haijapewa kipimo cha kuishindia wala cha kuiangusha.

Juni, wiki ya kwanza

Kilichobaki ni mtu wa sarafu. Namba mbili za 1999 hazimkamati: ana mafungu sita na kuingiliana kama 0.5, mtu wa kawaida kabisa. Anakamatwa kwa kurudia tu. Kila mshiriki ataitwa tena baada ya wiki mbili, atapewa bahasha mpya zisizo na majina, na ataanza upya bila kuonyeshwa alichofanya mwanzo. Tutalinganisha kadi na kadi: zile jozi zilizokaa bahasha moja mara ya kwanza, ni sehemu gani imekaa pamoja tena? Kwa anayerusha kadi ovyo, jozi zitarudiana kwa kiasi cha bahati, na kiasi hicho msimbo unaweza kukikadiria kwa kuchanganya kadi za mtu huyohuyo mara elfu.

Kuna atakayerudi na bahasha tofauti kwa sababu maisha yake yamebadilika: kazi imekwisha, mgeni amehamia, msiba umetokea. Huyo si sarafu. Fomu ya kikao cha pili ina nafasi ya kuuliza ni nini kimebadilika nyumbani na kazini tangu tulipoonana, na swali hilo liulizwe kabla kadi hazijatolewa mezani.

Nauli za washiriki kurudi bado hazijaidhinishwa.